Maboksi Matano Chumbani kwa Mama

Pande, Kilwa
12 Novemba 2023

Kwa mdogo wangu Dionis,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Kahama na za kazi? Wifi yangu Mary hajambo, na Edwin? Sisi tupo, tunasukuma siku. Korosho mwaka huu zimezaa kwa kubagua, mkorosho mmoja umejaa na wa pembeni yake umenuna. Shemeji yako amepona mguu na ameanza tena kulalamika juu ya chumvi kwenye mboga, kwa hiyo ni mzima kabisa.

Najua utacheka kupokea karatasi wakati simu ninayo. Mama ndiye aliyetaka. Anasema kwenye simu hasikii vizuri, na hata akisikia, wewe unamwambia "nzuri, mama, nzuri" mpaka salio linakwisha. Barua nitamsomea mara tatu au nne, halafu ataiweka chini ya mto. Na mimi naona afadhali, maana juzi tulizozana kwenye simu mpaka nikasahau nilichokupigia.

Nilichokupigia ni umeme. Tangu ulipomtumia mama ile mashine ya oksijeni amekuwa mtu mwingine. Anakaa, anakula, anamsema katekista na mahubiri yake marefu. Lakini umeme siku hizi unakatika ovyo. Wiki iliyopita ulikatika mara nne. Jumatano ulikatika saa nne asubuhi, tukadhani utarudi, na ilipofika saa tano midomo yake ikaanza kubadilika rangi. Tulimpakia kwenye bajaji mpaka kituo cha afya, wakamwekea mtungi wao. Njia nzima nilikuwa nimemkumbatia, nasikiliza kila pumzi kama itafuatwa na nyingine. Aliporudi alisema hataki tena kupitishwa mbele ya watu kama gunia la ufuta.

Sasa wewe ndiye fundi, tunataka uamuzi wako. Mzee Leonadi anauza jenereta yake, ile aliyokuwa akionyeshea mpira. Ipo, nimeiona inawaka, tukitaka tunaichukua kesho. Yassini Kibwana, ambaye ndiye anayefunga sola hapa kijijini, anasema jenereta si ya mgonjwa, tuweke sola yenye betri. Mimi sijui hili wala lile. Ninachojua ni kwamba bila umeme wa akiba, iko siku bajaji haitafika kwa wakati. Mama anasema lolote atakaloamua Dionis.

Jibu upesi. Barua mpe kondakta wa basi, nitaifuata kituoni Nangurukuru.

Dada yako,
Fortunata


Kahama
26 Novemba 2023

Dada Fortunata, shikamoo. Mama, shikamoo na wewe, najua umekaa hapo unasikiliza na unamwambia dada asome polepole.

Milele amina. Huku wote wazima. Mary ameanzisha genge la mboga mbele ya nyumba, na Edwin anauza kuliko mama yake. Mimi kazi zimenibana, mpunga unaingia na mashine za kukoboa haziruhusiwi kulala, lakini namshukuru Mungu.

Jenereta ya Mzee Leonadi msiichukue, hata akiwapa bure. Mtu mwenye mapafu kama ya mama hawekewi moshi dirishani. Mkiipeleka mbali, mtahitaji waya mrefu, na waya mrefu mvua ikinyesha ni balaa lingine. Petroli mnanunua ya chupa, haijulikani imechanganywa na nini. Na kamba yake nani ataivuta, dada, siku wewe uko shamba na shemeji yuko Kilwa Masoko? Mama? Tena umeme wa jenereta kuukuu unapanda na kushuka, utaniulia mashine.

Yassini amesema kweli, ni sola. Nimeshafanya mahesabu. Mashine ya mama inakula wati mia tatu na hamsini. Nitaweka paneli nne juu ya bati, betri mbili kubwa, na inveta. Mchana jua likiwepo, mashine itakwenda kutwa nzima. Jua lisipokuwepo, betri zitaibeba saa sita, hata saba. Na uzuri wake ni kwamba umeme ukikatika, inveta inashika yenyewe papo hapo. Mama hata hatajua kama umekatika.

Ila ninaomba kitu kimoja, na hiki si cha kujadili. Yassini asiguse. Nyaya za nyumba ile nilizivuta mimi, nikiwa nimetoka chuo cha ufundi na sina hata bisibisi yangu mwenyewe. Mama amezaa fundi umeme, halafu apande mtoto wa mzee Kibwana kumfungia umeme? Watu watasema nini, na mimi nitajiambia nini? Nitatuma vifaa kwa basi, na Krismasi nakuja kufunga mwenyewe. Ni kazi ya siku mbili. Siku ya tatu tunakula pilau.

Mama, vumilia kidogo. Mwanao anakuja.

Dionis


Pande
9 Januari 2024

Mdogo wangu Dionis,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya kwenu nyote, nimekuja nayo kwa kuchelewa kama vile mvua ya vuli ilivyotufanyia.

Mzigo ulifika salama tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili. Maboksi matano, mazito, ilibidi watu wanne kuyashusha. Mama aliyapokea mlangoni amesimama, na mpira wa oksijeni puani, anawaelekeza wapagazi kama baba wa bibi harusi anayepokea mahari. Akasema yote yawekwe chumbani kwake. Ameyatandikia kile kitambaa chake cha kufuma, na juu yake ameweka rozari, kikombe na dawa. Kila anayekuja kumjulia hali anaonyeshwa. "Hii ni sola ya Dionis. Anakuja kufunga mwenyewe."

Krismasi tulikungoja. Ulipopiga tarehe 23 kusema kazi imebana, mama alisema ndiyo kazi ilivyo, kisha akaniambia nisikoroge ubuyu, hana hamu. Sikulaumu. Nakwambia tu ilivyokuwa.

Jenereta ya Mzee Leonadi imenunuliwa na mtu aliyetoka kijiji cha Sudi, imekwenda. Umeme umeshakatika mara mbili tangu mwaka uanze, mara moja tukaenda kituo cha afya. Yassini alipita kutusalimu, akayaona maboksi, akasema Jumamosi hana kazi, atafunga, na hataki hata shilingi, kwa sababu mama yako ni mama yake. Mama akamshukuru sana, akamwambia mwenyewe anakuja. Yassini akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia dari.

Sasa nataka kauli yako. Unakuja lini?

Fortunata


Kahama
25 Februari 2024

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nisameheni kuchelewa kujibu. Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandikia garini. Mary anawasalimu, Edwin ameingia darasa la tatu. Mimi ni mzima.

Bosi haniachii hata Jumapili. Simu yangu ya picha imeharibika, ndiyo maana hamnioni usoni, nikiitengeneza tutaonana.

Pasaka nakuja. Maboksi yaacheni palepale, ila yasiguse ukuta ule unaovuja. Yassini mwambieni asante, lakini subira. Siwezi kukaa huku nikijua mtu mwingine yuko juu ya bati la mama yangu kwa kazi ninayoijua mimi. Naomba mnielewe.

Dionis


Pande
14 Aprili 2024

Dionis,

Marahaba. Sisi hatujambo kwa kiasi chake. Mvua inanyesha bila kupumzika, mihogo imeanza kuoza ardhini, na kuku wanalala jikoni. Mama anakusalimu. Mwandiko wako ulimshangaza, akaniuliza kama Edwin ndiye siku hizi anakuandikia.

Pasaka imepita. Mama alivaa kitenge kipya tangu Jumamosi. Nilichinja jogoo yule mwekundu, mkali, uliyesema utamla wewe. Mama alikaa barazani na mashine yake, waya nimeupitisha dirishani, anaangalia njia. Kila pikipiki ikikata kona anajiweka sawa. Jumatatu saa kumi akasema nyama wapewe watoto wa jirani, isiharibike. Mimi nilishindwa kumwangalia.

Mwezi huu tumembeba mara tatu. Mara ya mwisho bajaji ilikuwa imezama kwenye tope, wakaja wanaume wanne wakamchukua na kitanda cha kamba mchana kweupe, kanga ikawa inamteleza. Mama alilia, Dionis. Tangu tumzike baba sijamwona mama akilia, na siku ile alilia kwa haya.

Nina hasira na wewe. Naandika hivyo na yeye yuko hapa pembeni, na ananitaka nisome kwa sauti kila ninachoandika, kwa hiyo mengine nayameza. Amesema niandike kwamba yeye hana neno, ufanye kazi kwa amani.

Mimi nina neno. Toa ruhusa Yassini afunge hivyo vitu. Na kama kuna jambo linalokuzuia, liseme.

Fortunata


Kahama
8 Mei 2024

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo.

Tumesikia kwenye redio barabara imekatika Somanga, magari yamelala huku na huku. Poleni na mafuriko. Nilikuwa nimepanga kuja mwezi huu, lakini ndiyo hivyo, Mungu amefunga njia.

Nimefikiri sana juu ya barua yako. Basi, mwite Yassini. Afunge. Mwambie aanze kwa kuzichaji betri, wala asikawie, azichaji siku hiyohiyo. Paneli aziegemeze kaskazini, asizilaze. Mambo mengine anayajua.

Mama, usijisikie vibaya kwamba si mimi. Umeme ni umeme.

Dionis


Kahama
11 Agosti 2024

Dada Fortunata, shikamoo.

Nilifika salama. Mary anakushukuru kwa ufuta. Edwin anauliza kila siku bibi amelala wapi, na nikimjibu anauliza tena.

Sikusema kitu nilipokuwa huko kwa sababu msibani watu wengi, na siku tatu ni chache. Lakini sipati usingizi, na lazima nikuulize. Ulinipigia tarehe 2 Julai kwamba mama amefariki. Nimesafiri siku mbili, nimefika watu wameshika majembe. Naingia chumbani kwake kumwaga machozi yangu, nakuta maboksi matano yako palepale, kitambaa juu, rozari juu. Hata utepe wa gundi haujabanduliwa.

Nilikupa ruhusa tangu mwezi wa tano. Niliandika, mwite Yassini, afunge. Kwa nini hukumwita? Ulikuwa unanikomoa? Siku ile Yassini alipoyafungua na kupima betri kwa mita yake, zote mbili zilikuwa zimekufa, volti tisa. Zimekufa kwa kukaa. Na mama amekufa kwa kukosa kitu kilichokuwa hatua mbili kutoka kitandani kwake. Nafumba macho naona midomo yake uliyoniandikia.

Nimekuuliza kama mdogo wako. Nijibu.

Dionis


Pande
1 Septemba 2024

Dionis,

Marahaba. Arobaini ya mama ilikwenda vizuri, watu walijaa, katekista alihubiri mafupi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kaburi tumelizungushia mawe. Mashine ya oksijeni nimeipeleka kituo cha afya kama tulivyokubaliana.

Barua yako niliisoma nikaifunga ndani ya sanduku wiki mbili, kwa sababu kila nilipotaka kujibu nilitaka kutukana. Sasa nimetulia.

La kwanza. Siku aliyokufa mama, umeme ulikuwepo. Hukuniuliza, na mimi nilidhani unajua. Haukukatika tangu asubuhi mpaka jioni, hata dakika moja. Mashine ilikuwa inaunguruma, redio ya kwa Yassini ilikuwa inapiga taarabu. Nilikuwa namchana nywele. Aliniambia nisivute sana, kisha akanyamaza, nikadhani amesinzia. Sola yako ingekuwa juu ya bati inang'aa, angekufa vilevile, saa ileile. Hilo lifute kichwani.

La pili ni gumu zaidi, na nilimwahidi mama sitakuandikia. Sasa naona ahadi ile haimsaidii tena.

Barua yako ya mwezi wa tano, kwa ajili ya ile barabara, ilinifikia tarehe 6 Juni. Nilimsomea palepale, nikainuka kwenda kumwita Yassini. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Akaniita, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Fortunata, akifunga Yassini, Dionis atakuja kufanya nini?"

Nikamwambia mama, unaumia, tunakubeba kwenye matope. Akasema, "Nibebeni tu. Siku hizi mimi si mzito."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tangu maboksi yalipoingia alikuwa anayalinda. Alimkatalia Yassini mwezi wa kwanza, mimi nikadhani anakuheshimu wewe. Kumbe alikuwa amefanya hesabu yake: maboksi yakiwa hayajafunguliwa, wewe una safari ya kuja. Aliniambia nisikwambie, utadhani anakulazimisha. Miaka mitano hujatia mguu hapa, Dionis. Umetuma bati, umetuma godoro, umetuma mashine, umetuma sola. Alivipokea vyote na kuwaonyesha watu.

Na kwa kuwa umeniuliza, na mimi nakuuliza. Makaburini ulitupa udongo kwa mkono wa kushoto. Chumbani ulimwambia Yassini afungue maboksi na wewe umesimama, mkono wa kulia ndani ya koti, na jua la Pande unalijua. Nilikushika bega ukajitoa. Una nini?

Dada yako,
Fortunata


Kahama
22 Septemba 2024

Dada, shikamoo.

Safari hii sina habari za nyumbani za kukuandikia, Mary ndiye aliyenikalisha mezani.

Tarehe 14 Desemba mwaka jana nilikuwa natengeneza mota ya mashine ya kukoboa. Mtu akawasha swichi akidhani nimemaliza. Mkanda ulinivuta mkono wa kulia. Vidole vitatu vilikatwa hospitali, na gumba lipo lakini halikunji. Bosi alinionea huruma, akaniweka getini. Nafungua geti, nafunga geti. Ndiyo kazi inayonibana hata Jumapili.

Maboksi yalikuwa yameshaondoka Kahama siku nne kabla. Nilinunua kila kitu na mikono yangu miwili, nikavipanga mwenyewe, nikaandika jina la mama juu yake.

Barua ya mwezi wa pili niliiandika kwa mkono wa kushoto, siku tatu. Ningeandikaje kilichonipata, na kila neno unamsomea mama? Ningepiga simu ungepiga kelele, angeuliza kuna nini. Nilisema nitapona kwanza. Halafu nikasema nitajifunza kushika bisibisi kwa kushoto kwanza. Nilijifunza, nikawa nafungua skrubu za redio ya Edwin, bisibisi inaanguka, naiokota. Alhamisi Kuu nilikata tiketi. Nilikaa kwenye basi, siti ya dirishani. Nikaanza kuona nitakavyoingia, Yassini na watu wamekuja kumwona fundi, mama anasema huyu hapa mwanangu, na mimi natoa mkono. Nikashuka kabla basi halijaondoka. Mfuko wangu wa nguo ulikwenda peke yake mpaka Dodoma.

Na nilijua habari ya betri. Zile hazikai miezi sita bila kuchajiwa. Kila mwezi nilikuwa nahesabu, na sikuwaambia, kwa sababu kuwaambia ilikuwa ni kumwita Yassini. Mwezi wa tano nilipoona siku zimekwisha ndipo nikatoa ruhusa. Barabara ya Somanga ilinifurahisha, dada. Nilisikia watu wamekwama kwenye mafuriko nikafurahi, nimepata sababu.

Niliandika kwamba nitamfungia mama umeme kwa mikono yangu. Nilikuwa najivunia mikono hii mpaka ikanizuia kwenda kumwona mama. Na yeye, unaniambia, hakutaka umeme.

Nikuulize jambo moja, usinifiche hata kama unanionea huruma. Mama alijua? Kuna siku alihisi kwamba nimeumia? Nikisikia alijua, nitajua alinisamehe. Nikisikia hakujua, basi alikufa akidhani ninamdharau.

Dionis


Pande
13 Oktoba 2024

Dionis, mdogo wangu,

Marahaba. Pole. Nimeisoma barua yako barazani na nimelia mpaka shemeji yako akaacha kula. Pole kwa mkono, pole kwa mwaka mzima.

Mama hakujua. Umeniomba nisikufiche, na sikufichi. Lakini hakufa akidhani unamdharau. Alikufa akidhani umebanwa na kazi, na kazi ikilegea utakuja, ndivyo alivyokuwa akimwambia kila mtu. Hukumu kwamba unamdharau sikuiona kwake hata siku moja. Ilikuwa kwangu mimi.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo lililonichelewesha.

Mimi nilijua.

Mikaeli, kijana wa Mzee Leonadi, ananunua mchele huko Kahama. Mwezi wa tatu alikuja, nikakutana naye kisimani, akanipa pole ya mkono wako akidhani nimeshasikia. Alinieleza yote, mkanda, vidole, geti. Nilisimama na ndoo kichwani mpaka maji yakaanza kunichuruzika mgongoni. Ilikuwa wiki mbili kabla ya Pasaka. Nilipomwona mama na kitenge chake barazani, nilikuwa najua. Nilipokuandikia kwamba kama kuna jambo uliseme, nilikuwa nalijua jambo lenyewe.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa na hasira. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa namwosha, nambeba, naamka akikohoa, na nikiingia chumbani ananiuliza kama kuna barua ya Dionis. Wewe ulikuwa "Dionis wangu". Mimi nilikuwa "Fortunata, leta maji". Nikasema moyoni, na hili nalo nimfanyie? Aseme mwenyewe, aje mwenyewe, kwa miguu yake, nione. Na niliumia kwamba umeumia bila kuniambia, mimi niliyekufundisha kufunga kamba za viatu.

Halafu ikafika tarehe 6 Juni. Nimesimama mlangoni, barua yako mkononi, na mama ameniuliza Dionis atakuja kufanya nini. Ningeweza kurudi nikakaa kitandani, nikamwambia mama, Dionis amekatwa vidole, anaona haya, ndiyo maana haji. Unamjua. Angekupigia simu saa ileile, kusikia asisikie, akakuamuru upande basi ukiwa hivyohivyo. Au ningetoka uani nikakupigia wewe, nikakwambia mama hataki sola, anakutaka wewe, acha bisibisi nyumbani. Simu ilikuwa kwenye pindo la kanga na ilikuwa na chaji. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na sita. Kutoka Kahama ni siku mbili.

Wewe ulidhani mama anangoja fundi. Mama alidhani fundi hana nafasi. Kijiji kizima, mtu aliyejua ya pande zote mbili alikuwa mimi peke yangu.

Nilimwambia mama, sawa, tutamsubiri. Nikaenda kuosha vyombo.

Dada yako,
Fortunata